Ramani ya simu kwa dereva wa lori: ya kulipia, ya bure, na ya kutumia kama jicho la pili

Saa nane usiku, nyuma yangu tela la mita 13, mbele yangu daraja la reli lenye kibao cha mita 3.8. Lori langu lilikuwa na kimo cha mita 4.1. Programu ya ramani niliyokuwa nikiifuata, ya magari madogo, bado ilikuwa inaniambia ninyooke. Mahali pa kugeuza hapakuwepo. Tulirudi rivasi karibu kilomita nzima, utingo akitembea nyuma na tochi, mimi kichwa nje ya dirisha, tukisimama kila gari lilipotokea. Saa moja na nusu ilipotea hapo. Na kwa gari dogo, njia ile ilikuwa fupi na nzuri. Programu haikujua tu kwamba naendesha lori, kwa sababu haikuwahi kuniuliza.

Tangu siku hiyo napima programu kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, inataka kujua gari langu lina ukubwa gani kabla ya kutaka kujua naenda wapi? Ndivyo nilivyoipanga orodha iliyo hapa chini.

Kabla ya kununua, pima lori

Programu nzuri kabisa itakupoteza ukiipa namba za kukisia. Chukua futi ya kupimia, simamisha lori mahali tambarare, pima kutoka chini hadi sehemu ya juu kabisa. Sehemu hiyo mara nyingi si paa la kabini. Huweza kuwa mashine ya ubaridi, bomba la moshi, au turubai lililofungwa vibaya likavimba. Ongeza sentimita chache za usalama, kisha andika namba hiyo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike mbele yako, karibu na usukani.

Wanaobeba makontena wawe makini zaidi. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, na lile refu zaidi kwenda juu lina mita 2.90. Tela ni lilelile, dereva ni yuleyule, lakini leo umepanda kwa sentimita 30 kuliko jana. Ukisahau kubadilisha namba kwenye programu, inakuongoza kwa lori la jana. Vilevile tela tupu lenye springi hukaa juu kuliko lililojaa, kwa hiyo daraja ulilopita na mzigo asubuhi linaweza kukukwaruza jioni ukirudi mtupu.

Kuna daraja la reli mjini Durham, North Carolina, Marekani, ambalo limekuwa maarufu kwa kuchuna mapaa ya malori. Lilikuwa na nafasi ya mita 3.56 tu. Likawekewa taa na vibao vya onyo, malori yakaendelea kugonga. Mwaka 2019 likainuliwa kwa sentimita 20 hivi, na bado yapo yanayonasa. Mengi ya yaliyogonga pale ni malori ya kukodi, yaani magari ambayo anayeyaendesha hajui kimo chake. Sioni sababu bora ya kununua futi.

Angalia pia vipimo vyenyewe kwenye mipangilio. Futi 13 na inchi 6 ni mita 4.11. Ukiichanganya futi na mita, programu itakunyima njia zote au itakuruhusu kila mahali.

1. Sygic ya malori

Hii ndiyo ningeinunua kwanza kama ningetakiwa kuwa na moja tu. Imetengenezwa na kampuni ya Slovakia, na toleo lake la malori linatofautiana na lile la magari ya kawaida, kwa hiyo hakikisha unapakua lenyewe. Unajaza kimo, upana, urefu, uzito wote, uzito kwa ekseli na aina ya mzigo hatari kama unabeba mafuta au kemikali. Ukiwa Ulaya inazingatia hata makundi ya mahandaki yanayozuia mizigo hiyo. Ramani zinapakuliwa na kukaa kwenye simu, hivyo bando likiisha au mtandao ukikatika porini, safari inaendelea.

Ubaya wake ni malipo, na leseni huuzwa kwa maeneo, kwa hiyo soma vizuri eneo unalolipia kabla ya kubonyeza. Ina siku za kujaribu bure. Zitumie zote. Jambo jingine la kukumbuka: vizuizi vya malori vimejazwa vizuri zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwingineko, barabara zipo kwenye ramani lakini namba za madaraja ni chache.

2. OsmAnd

Nimeiweka ya pili, na kwa dereva asiyetaka kulipa kila mwaka ningeiweka ya kwanza bila wasiwasi. Inatumia ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004 na unaochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Ina hali ya lori, unaweka vipimo vyako, na kazi yote inafanyika ndani ya simu bila mtandao. Toleo la bure lina kikomo cha idadi ya ramani unazoweza kupakua. Kwa anayezunguka nchi mbili tatu, linatosha.

Inahitaji uvumilivu. Menyu zake ni nyingi na siku ya kwanza utachoka. Safari ndefu sana huchukua muda kukokotolewa, hasa kwenye simu ya kiwango cha chini. Dawa yake ni kuigawa safari kwa kuweka vituo vya katikati.

Ila hapa pana jambo ambalo kila mnunuzi lazima alielewe, na linahusu programu zote, si hii peke yake. Ramani inajua kimo cha daraja pale tu ambapo mtu amekiandika. Pasipoandikwa kitu, programu inahesabu kwamba hakuna kizuizi na inakupitisha. Ukimya wa ramani usiuchukue kuwa ruhusa. Uzuri wa OpenStreetMap ni kwamba ukikuta kibao cha mita 3.8 ambacho hakipo kwenye ramani, unaweza kukiingiza mwenyewe jioni hiyohiyo, na dereva atakayekuja nyuma yako atazungushwa njia nyingine kabla hajafika pale. Mimi nimeshaingiza madaraja kadhaa, na naiona kazi hiyo sawa na kumwashia mwenzako taa kwamba mbele kuna hatari.

3. Trucker Path, kwa walioko Marekani na Kanada

Kama kazi yako iko huko, ipandishe hadi juu kabisa. Nguvu yake ni taarifa za madereva wenyewe: maegesho yenye nafasi na yaliyojaa, mizani iliyo wazi na iliyofungwa, vituo vya mafuta. Kujua saa mbili kabla kwamba maegesho unayoyategemea yamejaa kunakuokoa usilale pembeni mwa barabara kuu. Sehemu ya taarifa inapatikana bure. Kuongozwa kwa njia za malori kunalipiwa. Nje ya nchi hizo mbili haina faida kwako.

4. CoPilot

Ni ya Trimble, kampuni ya Marekani, na imejengwa zaidi kwa ajili ya makampuni yenye malori mengi, ambapo ofisi inapanga njia na dereva anaipokea. Mwenye lori moja atalipia vitu asivyovihitaji. Ukiajiriwa mahali inapotumika, jifunze vizuri, ni programu ya maana.

5. Google Maps na Waze

Najua wengi wetu ndizo tunazotumia, na najua kwa nini: zipo tayari kwenye simu na ni bure. Lakini hazina hali ya lori. Hakuna mahali pa kuandika kimo wala uzito. Waze, ambayo Google iliinunua mwaka 2013, inakuruhusu kuchagua teksi au pikipiki, lakini lori halimo. Tena Waze inapenda kukukwepesha foleni kwa kukuingiza mitaa ya ndani, na mtaa wa ndani kwa tela la mita 13 ni mtego.

Usizifute hata hivyo. Nazitumia kama jicho la pili. Kabla ya kwenda mahali pageni pa kushushia mzigo, nafungua picha ya setilaiti ya Google na kuvuta hadi nione geti: linaingilika upande gani, ndani kuna nafasi ya kugeuza, nguzo ya umeme imesimama wapi. Dakika tano za kutazama zimeniepusha na aibu nyingi za kuziba barabara ya watu. Foleni pia programu hizi zinazionyesha vizuri, mtandao ukiwepo.

Namna ya kuijaribu kabla ya kulipa

Chagua safari unayoijua kama kiganja chako, yenye daraja la kimo kidogo au barabara inayokataza malori. Weka vipimo vya kweli, uone kama programu inakwepa. Kisha danganya: punguza kimo hadi mita 2 na uzito hadi tani 2, uombe njia ileile. Isipobadilika hata kidogo, basi eneo lako halina data ya malori kwenye ramani hiyo, na unalipia picha tu. Mwisho zima data kabisa, utafute sehemu nyingine mpya. Programu ikigoma, ujue itagoma pia siku uko katikati ya pori.

Tafuta na kitufe cha kuzuia kugeuza katikati ya barabara, na ukiwashe. Lori halirudi lilikotoka kwa sababu tu sauti kwenye simu imesema.

Chaja na kishikio

Malori mengi duniani yana umeme wa volti 24, wakati chaja nyingi za bei rahisi ni za volti 12 za gari dogo. Ukiichomeka huweza kuungua, na ikaondoka na simu. Soma maandishi madogo kwenye chaja yenyewe: lazima iseme 12–24V. Kishikio kiweke chini, karibu na matundu ya kiyoyozi, mbali na kioo cha mbele. Simu inayopigwa na jua huku ramani iko wazi hupata moto, ikapunguza mwanga na mara nyingine kujizima, na mara nyingi hilo hutokea mchana kweupe, unapoingia mji usioujua.