Nilikwenda Kutafuta Vyombo vya Sultani, Nikarudi na Bakuli Lenye Pini

Kwa bibi yangu, Malindi ya Unguja, palikuwa na kabati la vioo ambalo ufunguo wake ulilala kwenye pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na sahani za buluu, mrashi wa fedha, chetezo, na vikombe vya kahawa visivyo na mkono ambavyo sikumbuki mtu hata mmoja kuvinywea. Alipofariki vitu viligawanywa. Mimi nilikuwa Dar na mimba ya miezi minane, fungu langu likawa picha za WhatsApp.

Kwa hiyo tulipofikia plasta ya nyumba yetu Mtongani, nilimwomba fundi ukuta unaotazama mlango asiuache bapa, anitobolee zidaka. Akauliza, "Vishubaka vya king'amuzi, mama?" Nikamtafutia picha za nyumba za mawe za Lamu, chumba cha ndani kabisa: ukuta mzima wa chokaa yenye nakshi, vijumba safu juu ya safu, kila kijumba na chombo chake cha kauri. Akaangalia sana. Akanitobolea tisa. Saba vimenyooka.

Tatizo la zidaka ni kwamba vikiwa vitupu nyumba inaonekana imehamwa. Ndipo nikapanda boti.

Duka nililokwenda liko Mji Mkongwe, na jina nitalimeza kwa sababu nina ya kusifu na ya kulalamika, na mwenyewe ni mzee wa makamo ya baba yangu. Ukiingia, chumba cha mbele ni cha wageni wa meli: vinyago, madele ya shaba mapya yaliyopigwa moshi ili yazeeke, saa za ukutani zisizotembea. Usikate tamaa hapo. Salimia vizuri, kaa, kunywa kahawa, na baada ya dakika ishirini utaambiwa, "Njoo ndani, mwanangu." Chumba cha nyuma ndicho duka. Kuna harufu ya udi na panya, makasha yamepandana, na kauri imejaa mpaka sakafuni, kiasi kwamba nilitembea nimejifunga baibui kiunoni nisiangushe maisha ya mtu.

Nilichopenda kwanza ni vyombo viwili vya maua, pacha, kila kimoja kimo cha dhiraa, buluu juu ya nyeupe, majoka yakifukuzana mawinguni.

"Vya Sultani hivi. Vilitoka jumbani."

"Sultani yupi, ami?"

"Sultani mwenyewe."

Akanipa kimoja nikigonge kwa kucha. Kililia kama kengele, na hilo ni kweli linasaidia: chenye ufa hutoa sauti ya kibuyu. Lakini linakwambia chombo ni kizima tu, halikwambii umri wake. Hapo mimi nilikuwa nimeshalewa. Alianza na laki sita na nusu, tukashindana hadi laki tatu na themanini kwa vyote viwili.

Chini ya kila kimoja kuna herufi sita za Kichina ndani ya duara mbili, zinazosema kimetengenezwa enzi za Kangxi. Kangxi alitawala China kuanzia 1661 hadi 1722, kwa hiyo kwa laki tatu na themanini nilijiona mjanja kupita kiasi. Nyumbani nikavuta kamera ya simu hadi mwisho na kulisogelea joka. Mkia wake ulikuwa nukta nukta, kama picha ya gazeti. Mchoro wa brashi hauwi hivyo. Rangi hukolea pale mkono uliposita na hupauka pale ulipokimbia, na magamba mawili ya joka hayafanani. Haya yalifanana yote, kwenye vyombo vyote viwili. Kisha nikasugua ukingo wa kitako kwa pamba yenye spiriti. Ile rangi ya kahawia niliyoidhania uzee ikahamia kwenye pamba. Na karibu na herufi za mfalme palikuwa na mraba mdogo unaonata, ambapo kibandiko cha bei kiliwahi kukaa.

Nikampigia simu mzee. Sikumpigia kwa hasira sana, ila nilikuwa nimejipanga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema: "Mwanangu, hao Wachina wenyewe walikuwa wakiigana alama. Sikwambii uwongo." Kinachoniuma ni kwamba hilo ni kweli. Wafinyanzi wa baadaye walipiga alama ya Kangxi kwenye kazi zao, wengine kwa heshima na wengine kwa biashara, na ndiyo maana alama peke yake haithibitishi kitu. Ila hadithi ya jumbani, kibandiko na rangi ya kahawia hakuvigusa. Pesa hakukubali kurudisha. Alikubali nikirudi nibadilishane na kitu chengine, na stakabadhi hakuwa amenipa, kwa hiyo hata hilo lilikuwa ni uungwana wake.

Kuna jambo jingine la chumba cha nyuma ambalo linaliondolea duka nyota nzima. Chini ya meza nilikuta sahani ya kijani kibichi kilichofifia, nzito, kongwe bila ubishi, na mgongoni kwake kulikuwa na bonge la chokaa iliyokauka. Sisi wa Mtongani tunajua maana yake. Kwenye magofu ya Kunduchi, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa kupachikwa sahani na bakuli za kauri kwenye chokaa. Ukienda leo utaona mashimo ya duara yaliyobaki zilipobanduliwa. Nilimuuliza mzee imetoka wapi. Akasema, "Pwani." Nikauliza pwani gani. Akaanza kunionyesha mrashi. Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, lakini hata kusingekuwa na sheria, mimi siwezi kula chakula cha jioni chini ya sahani ya kaburi la mtu. Ukiona chokaa mgongoni, rudisha chini.

Sasa sifa. Nikiwa natoka, mlangoni, ndani ya karai la plastiki lenye vifuniko vya sufuria visivyo na sufuria, niliona bakuli. Limefifia rangi, maua mekundu na kijani yaliyogongwa kwa kipande cha sponji, hata hayakukaa sawa: moja limepanda ukingoni, jingine limemlalia mwenzake. Lina ufa kutoka mdomoni hadi karibu na kitako, na ufa umeshonwa kwa pini tano za chuma. Wala pini hizo hazikupita upande wa pili. Fundi alitoboa nusu ya unene tu, akazipachika kama vikuku, ndani ya bakuli huoni kitu zaidi ya mstari. Nilikaa nalo kwenye mwanga wa barazani muda mrefu kuliko nilivyokaa na majoka.

Chini lina mnyama aliyelala mwenye kichwa cha mtu, na jina la Petrus Regout, Maastricht, "Made in Holland". Viwanda vya Maastricht vilituletea pwani hii bakuli za namna hii kwa wingi. Jina la nchi kwa Kiingereza nalo hukupa tarehe ya kubahatisha: kwa kawaida ni baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe zilikotoka. Na kusema haki, si kauri hasa. Ni udongo mweupe uliopakwa kioo, na pale ulipobanduka unaona mwili wake wa vumbi, usiopitisha mwanga hata kidogo. Mzee hakulijali. "Hilo bovu, lete elfu thelathini." Nililipa bila kupatana, nikaona aibu, nikanunua na chetezo.

Ufungaji wake ni wa kiwango cha juu, nampa hiyo. Gazeti, nguo kuukuu, gazeti tena, kisha boksi la maji limefungwa kamba ya katani. Bahari ilichafuka siku ile, watu walitapika, vyombo havikusikia.

Majoka sikuyarudisha. Yamesimama juu ya kasha chini ya zidaka, na nikiri kwamba jioni, taa ikiwa upande, yanapendeza kuliko vitu vyote nilivyonavyo. Nimevijaza mchanga hadi nusu maana upepo wa kusi ukiingia sebuleni hauchagui. Ndani nimechomeka matawi makavu, maji sitii. Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande na brashi laini ya rangi. Jiki usiikaribishe karibu na kitu chenye ufa wala chenye mstari wa dhahabu. Zidaka sikuzijaza zote. Vitano vina vitu, vinne vitupu, na utupu huo sasa ndio unaofanya vingine vionekane. Kimoja kati ya vile viwili vilivyopinda ndicho kilicho na bakuli la pini, na siku za Ijumaa huwa natia asumini humo.

Duka lile: nyota tatu. Nenda na tochi, pamba na spiriti, usiende na njaa ya ukoo wako.

Mama alikuja mwezi uliopita kuona ukuta. Akapita majoka kama anapita nguzo ya umeme, akaenda moja kwa moja kwenye kidaka kilichopinda, akalitoa bakuli, akamwaga asumini kiganjani na kuligeuza.

"Hili umelitoa wapi?"

Nikamweleza yote, Maastricht, 1891, pini.

"Bibi yako alikuwa nayo sita kama hizi," akasema. "Jikoni. Mkilia uji."