Pasi ya mkaa au ya umeme?

Wapiga pasi wa Dar hawaachi kubishana juu ya hili. Tuanze na ya mkaa, maana ndiyo yenye mambo. Ni sanduku la chuma lenye kifuniko cha bawaba, matundu ubavuni ya kupitisha hewa, mpini wa mbao na, kwa nyingi, komeo la umbo la jogoo. Huyo jogoo usimshike mkono mtupu! Uzito wake ndio mtaji: kanzu au suruali ya kadeti inanyooka bila kukandamiza. Ila cheche moja ikidondokea shati jeupe la shule, imekula kwako.

Ya umeme, ambayo Henry Seely aliipatia hataza Marekani mwaka 1882, inashinda kwa usafi. Unazungusha kitufe, joto linashuka, hariri inapona. Ya wati 1,000 ikivuta saa nzima mfululizo inakula uniti moja ya LUKU. Kwa nguo mbili tatu, kuwasha mkaa ni hasara tupu.

Matunzo? Ya mkaa mwaga majivu, ipake mafuta kidogo, maana hewa ya pwani inaleta kutu haraka. Ya umeme ikiungua, ni kwa fundi.

Dobi wa kibarazani mwenye rundo la nguo na umeme wa kukatika, ya mkaa inamlipa. Mpangaji wa chumba kimoja achukue ya umeme: hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua.