Mashine ya presha ya mshale kwa mwanachuo wa uuguzi: nunua, ila ikague kwanza

Ile seti ya kujaza hewa kwa mkono, inayouzwa na stetoskopu kwenye mkoba wa zipu, bado ndiyo ya kujifunzia. Ya betri hukupa namba tu. Hii inakulazimisha usikilize, na kwa mgonjwa ambaye mapigo yake hayana mpangilio, ya betri hukosea mara nyingi.

Dukani itoe mkobani. Kafu, yaani kile kitambaa chenye mfuko wa hewa kinachofungwa mkononi, ikiwa tupu, mshale ulale kwenye sifuri. Ukiwa umesimama kwenye 6, hiyo 6 utawaongezea wagonjwa wote. Mfunge mtu kafu, kaza skrubu ya kutolea hewa, jaza hadi 200, tazama sekunde chache. Mshale ukishuka wenyewe, hewa inavuja, aghalabu kwenye maungio ya mipira.

Skrubu ndiyo ya kukagua zaidi. Hewa itoke milimita 2 hadi 3 za zebaki kwa sekunde. Za seti rahisi hukwama, kisha huachia kwa mkupuo: mshale unaruka kutoka 150 hadi 130, sauti ya kwanza ya Korotkoff (zile sauti za damu unazozisikia kwa stetoskopu kafu inapolegea) inakupita, na presha ya juu unaiandika chini kuliko ilivyo. Ikifanya hivyo, irudishe.

Kafu inakuja moja tu, ya mkono wa sentimita 27 hadi 34 hivi. Hapa ndipo seti inapopungukiwa. Mfuko wa hewa unatakiwa uzunguke asilimia 80 ya mkono. Mama mnene ukimfunga kafu hiyo, presha itasoma juu, na anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Tenga hela ya kafu kubwa.

Stetoskopu yake inatosha kwa mazoezi bwenini, lakini kwenye kelele za wodi haifai.

Kabla ya kuiweka masikioni, shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza hewa mpaka yapotee, kisha ongeza 30. Wagonjwa wengine wa presha sauti zao hukatika katikati na kurudi. Ukiishia kujaza 160 kwa mazoea, presha halisi ya 190 hutaiona. Soma kwenye kistari: kila kimoja ni 2, kwa hiyo 123/81 haiwezi kutoka kwenye mashine hii.

Ikianguka sakafuni, usiitumie kwa mgonjwa mpaka fundi wa vifaa tiba ailinganishe na nyingine iliyo sahihi. Hata isipoanguka, ipelekwe kila baada ya miezi 6.