Galaxy A06 au Spark Go 1: Mwongozo kwa Mnunuzi Mwenye Bajeti Ndogo

Ukisimama mbele ya kabati la kioo la duka la simu pale Kariakoo, kitu cha kwanza utakachokiona kwenye Tecno Spark Go 1 si jina lake bali stika yenye tarakimu kubwa, 8GB, na ni nadra muuzaji kukueleza kwamba nusu ya tarakimu hiyo ni ya kuazima. RAM halisi ya simu hiyo, yaani kumbukumbu ya muda inayotumika programu zinapofanya kazi, ni GB 4. Nyingine 4 zinachotwa kwenye hifadhi ya ndani, ileile inayotunza picha na video zako, ambayo kasi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na RAM yenyewe. Samsung nao wana mpango wa namna hiyo wanaouita RAM Plus, ila hawaupigii debe kiasi hicho. Nimeanza na stika kwa sababu katika simu za bei hii tarakimu inayoandikwa kwa herufi kubwa mara chache ndiyo inayoamua simu itakuwa na hali gani baada ya mwaka mmoja.

Simu mbili ninazozilinganisha, Samsung Galaxy A06 na Tecno Spark Go 1, zilitoka katika nusu ya pili ya 2024 na zinafanana kuliko mabango ya maduka yanavyotaka tuamini. Zote ni za 4G, zote zina kioo cha inchi 6.7 au pungufu kidogo chenye ukali wa picha wa ngazi ya 720, zote zina betri ya mAh 5000, tundu la kawaida la spika za masikioni, nafasi ya memori kadi na kisoma alama ya kidole ubavuni. Warithi wake, Galaxy A07 na Spark Go 2, walishaingia sokoni mwaka 2025, na hiyo ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei ambayo mnunuzi asiione haya kuitumia.

Kwa maoni yangu, ya kwanza kununua ni Galaxy A06 yenye hifadhi ya GB 128. Ya pili ni Spark Go 1 yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 128, na ya tatu ndiyo Galaxy A06 ya GB 64. Spark Go 1 yenye RAM ya GB 3 siiweki kwenye orodha. Anayeipigia hesabu ni heri asubiri mwezi mmoja aongeze fedha. Msomaji ataona kwamba nimeiweka Tecno ya 128 juu ya Samsung ya 64, jambo ambalo rafiki zangu wanaoamini jina kuliko simu hawakulipenda.

Sababu yake ni hifadhi. Mfumo wa simu wenyewe unachukua sehemu yake kabla hujapiga hata picha moja, kisha zinakuja programu, na baada yake kinakuja kile kinachojaza simu nyingi hapa kwetu, yaani makundi ya WhatsApp. Mtu mwenye kundi la familia, la kikoba, la wazazi wa shule na la kamati ya harusi moja hupokea video nyingi kila siku bila kuomba, na WhatsApp huzihifadhi kwenye simu yenyewe, si kwenye memori kadi. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu, kwani wananunua simu ya GB 64 wakijiambia kwamba watachomeka kadi, halafu miezi minane baadaye simu inawaambia nafasi imejaa huku kadi ikiwa tupu. Kadi inafaa kwa muziki, filamu na picha za kamera, lakini programu nyingi haziwezi kuhamia huko zikafanya kazi vizuri. Simu iliyojaa huganda, na ikiganda mwenyewe huilaumu kampuni, wakati kosa lilifanyika siku ya kununua.

Kwa upande wa kasi hakuna la kugombania. A06 inaendeshwa na prosesa ya MediaTek Helio G85, na Spark Go 1 ina Unisoc T615. Zote mbili zimejengwa kwa mpango mmoja wa viini viwili vyenye nguvu na sita vya kazi nyepesi, na viini vya Helio vinakwenda kasi kidogo zaidi. Katika kutuma pesa, kuangalia video na kuzungumza kwa WhatsApp hutaiona tofauti. Tofauti inayoonekana kwa macho iko kwenye kioo, kwa sababu kile cha Spark Go 1 hujichora upya hadi mara 120 kwa sekunde, ilhali cha A06 ni mara 60 tu, na ukipandisha ukurasa kwa kidole, wa Tecno huteleza kwa ulaini ambao Samsung ya bei hii haina. Muuzaji ataonyesha jambo hilo kwanza. Ni zuri kweli, lakini jicho hulizoea ndani ya juma moja.

Kinachoipandisha A06 hadi nafasi ya kwanza hakionekani dukani. Samsung waliiuza kwa ahadi ya matoleo mawili makubwa ya Android juu ya lile la 14 ililotoka nalo, pamoja na miaka minne ya masasisho ya usalama, hesabu inayofika 2028. Spark Go 1 inatumia Android 14 ya Go, toleo jepesi ambalo Google hulitengeneza kwa simu zenye RAM ndogo, na ushauri wangu kwa anayeichukua ni ahesabu kwamba mfumo anaoukuta siku ya kwanza ndio atakaokaa nao. Je, hilo ni kubwa kiasi gani? Inategemea mtumiaji. WhatsApp ilikuja kuiacha Android 4.4, mfumo wa mwaka 2013, mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo mtu anayehofia kwamba simu yake ya Android 14 itakataliwa keshokutwa ajitulize. Lakini anayeweka programu ya benki kwenye simu, akapokea humo namba za siri na kuhamisha mauzo ya duka zima kila jioni, anahitaji simu ambayo mianya yake ya usalama inaendelea kuzibwa, na kwa mtu huyo tofauti ndogo ya bei ni bima ya halali kabisa.

Kamera nitazipitia haraka. A06 ina kamera kuu ya megapikseli 50, Spark Go 1 ina ya 13, na zote zina ya mbele ya megapikseli 8. Mchana zote zinatosha, hasa kama picha inaishia kwenye hali ya WhatsApp, na A06 inapata maelezo zaidi ukiikuza. Usiku ukumbini zote ni hafifu. Kamera ya pili ya A06, yenye megapikseli 2, ipo kwa ajili ya kutia ukungu nyuma ya mtu, na sijawahi kumwona mtu akiitumia kwa makusudi. Kwa sauti Tecno inashinda, kwani ina spika mbili na A06 ina moja.

Mwili wa simu unastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi, maana hapa kazi ya mtu ndiyo inayoamua. Spark Go 1 ina kinga ya IP54, maana yake vumbi halipenyi kwa kiasi cha kuiharibu na michirizi ya maji kutoka upande wowote haiidhuru, ingawa ukiitumbukiza kwenye ndoo hakuna aliyekuahidi kitu. A06 haina kinga iliyotajwa. Dada mmoja anayeuza samaki soko la Feri, ambaye nilimsaidia kuchagua simu, anashika simu yake mara hamsini kwa siku kwa mkono uliotoka kwenye maji ya barafu. Kisoma alama ya kidole, cha simu yoyote ile, humkatalia mara kwa mara kwa sababu ncha za vidole zimelowa na zimesagika kwa magamba, hivyo hutumia namba za siri, na maji hutiririka hadi kwenye tundu la chaji. Kwake nilipindua orodha yangu mwenyewe. Nimpe Samsung yenye masasisho hadi 2028 ambayo inaweza kufa kwa maji mwezi wa nne? Alichukua Tecno. Ningemshauri hivyohivyo dereva wa bodaboda anayeifunga simu kwenye usukani msimu wa masika, au fundi seremala anayefanya kazi ndani ya unga wa mbao. Spark Go 1 pia ina taa ya infraredi juu, kwa hiyo inaweza kuwa rimoti ya televisheni, na katika nyumba yenye watoto wadogo rimoti ya akiba si jambo la mzaha.

Kuhusu chaji kuna mtego unaoegemea upande wa Samsung. A06 inapokea hadi wati 25 na Spark Go 1 inapokea 15, ila kwenye kasha la Samsung hakuna kichwa cha chaja. Kuna waya tu, na mara nyingi waya huo una ncha ndogo pande zote mbili, hivyo hauingii kwenye kichwa cha zamani chenye tundu pana ulichonacho nyumbani. Tecno kwa kawaida huja na chaja yake. Ongeza basi bei ya chaja halisi kwenye bei ya A06 kabla ya kulinganisha, na usiizibe tofauti hiyo kwa kununua chaja ya barabarani iliyochapwa jina la Samsung, ambayo itakupa kasi ya simu ya 2015 na joto la pasi.

Tecno ni ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ambayo ndiyo pia yenye Infinix na itel, na vituo vyake vya matengenezo vinaitwa Carlcare. Kioo kikipasuka mkoani, fundi wa kawaida huwa na spea ya Tecno karibu, na ya Samsung hupatikana pia ingawa utaulizwa kama unataka kioo cha oji au cha kawaida. Mpe jibu baada ya kuviona vyote viwili vikiwa vimewashwa.

Bei siiandiki kwa sababu hubadilika duka hadi duka, ila Spark Go 1 huwa chini. Kanuni yangu ni kwamba, kwa hifadhi ileile ya 128, tofauti ikiwa ndani ya shilingi 50,000 za Tanzania pamoja na chaja, chukua A06. Ikizidi hapo chukua Tecno, na fedha inayobaki inunue kava na kioo cha kinga. Anayenunua kwa mkopo azidishe kabla ya kusaini: malipo ya 1,500 kwa siku kwa siku 365 ni shilingi 547,500, bila kutaja kianzio, na simu ya mkopo hufungwa kwa mbali usipolipa. Kwa sababu hiyohiyo usinunue simu iliyotumika mtaani bila kujua kama mkopo wake umekwisha.

Kabla hujatoa fedha, bonyeza *#06# na ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inayotokea na ile iliyo kwenye kasha. Tanzania, ambako simu bandia zilizimwa Juni 2016, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Kenya, tuma kwenda 1555. Jina la simu litakalorudi lifanane na lile unaloliona mkononi. Kisha ingia kwenye mipangilio uangalie RAM na hifadhi iliyoandikwa humo badala ya ile ya stika, weka laini yako upige simu moja ukiwa bado umesimama kaunta, na udai risiti ya EFD yenye IMEI juu yake, kwani kituo cha waranti kitaiomba hiyo kabla ya kuigusa simu.