Besi yangu ya kwanza: nilikimbilia pikapu mpya, shida ilikuwa shingoni

Nina mwaka na nusu na besi hii, yaani gitaa la sauti nzito. Ni ile ya wanaoanza: nyuzi nne, pikapu mbili za koili moja (zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazodaka mtetemo wa nyuzi), umbo la Jazz Bass ambalo kampuni ya Fender walilitoa mwaka 1960 na viwanda vingi vimeliiga tangu hapo. Jina la kiwanda kilichotengeneza yangu nalihifadhi, kwa sababu mengi niliyoilaumu hii besi yalitoka kwangu mwenyewe.

Miezi minane ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha nyuzi zikaanza kuwa juu, vidole vikawa vinauma. Nikachukua ufunguo wa alenki na kushusha vile vitandiko vinavyobeba nyuzi pale kwenye daraja, upande wa chini wa besi, mpaka nikaridhika. Nyuzi zikashuka kweli, lakini kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) kwenda juu kila noti ikawa inalia kama nyuki ndani ya kopo. Juu ya hapo uzi wa E, ule mnene kuliko yote, haukai kwenye tyuni, kuna mvumo usioisha, kitufe cha volyumu kinakwaruza, na kebo ukiigusa tu sauti inakatika. Nikahitimisha kwamba besi ni mbovu, nikaandika orodha: pikapu, daraja, vikazio vya nyuzi, kila kitu kipya. Nilipojumlisha, nilikuta nakaribia kununua besi nyingine.

Nikaanza na pikapu. Kwa nini pikapu? Kwa sababu ndizo zinazosifiwa zaidi, basi. Na hata kununua kwenyewe nilikosea: kwenye besi nyingi za umbo hili pikapu ya darajani ni ndefu kidogo kuliko ya upande wa shingo, kwa milimita chache tu, na mimi nikaagiza mbili ndefu. Moja ikaingia, nyingine ikagoma. Nikakaa na tundu tupu la mbao na nyaya zinazoning'inia, hadi rafiki yangu anayepiga besi kwa miaka mingi aliponiambia nimpelekee.

Swali lake la kwanza: nyuzi hizi ulibadilisha lini? Sijawahi. Akacheka. Kuna wapigaji wakubwa waliopenda nyuzi kuukuu, James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown huko Marekani, akiwa anatajwa zaidi, lakini yeye alitumia nyuzi laini zilizozungushiwa waya bapa, tena alijua anatafuta sauti gani. Mimi nilikuwa na nyuzi za kawaida zilizojaa jasho na uchafu. Tukaweka seti mpya ya unene wa 45 hadi 105, kwa elfu za inchi. Ile sauti iliyokuwa imefifia, ambayo mimi niliita udhaifu wa pikapu, ikarudi palepale, na tulikuwa tumerudisha pikapu zilezile za mwanzo.

Uzi wa E nao ulikuwa na kesi yake. Niliwahi kuufungua na kuufunga upya, nikaukata mfupi mno, ukazunguka kikazio mara moja tu, kwa hiyo ulikuwa unateleza kila ukivutwa. Huu mpya tuliuachia urefu wa kuzunguka mara mbili hadi tatu kuelekea chini, tukakaza na skrubu ndogo za nyuma ya kichwa zilizokuwa zimelegea. Vikazio vipya nikavifuta kwenye orodha.

Kilichonifundisha zaidi ni shingo. Ndani yake kuna fimbo ya chuma, na kazi yake ni kupambana na mvuto wa nyuzi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe ndogo sana, kama milimita 0.3. Yangu ilipitisha kadi nene bila kugusa popote. Shingo ilikuwa imepinda mbele, ndiyo maana nyuzi zilipanda; na mimi badala ya kunyoosha shingo nikashusha nyuzi, zikawa zinagonga freti za juu. Ugonjwa mmoja, nikautibu kwa kuuzalisha wa pili.

Tulikaza fimbo robo mzunguko, tukatyuni upya, tukaiacha hadi kesho yake, kisha robo nyingine. Hapa usiwe na papara. Nati ikigoma kuzunguka, iache, mpe fundi, kwa maana fimbo ikikatika ndani hiyo shingo imekwisha. Shingo ilipokaa sawa tukapandisha vitandiko: milimita 2.5 chini ya uzi wa E pale freti ya 12, na 2 chini ya G, ule mwembamba kuliko yote. Mlio wa nyuki ukaisha kote isipokuwa sehemu moja nitakayoitaja.

Mwisho wa kazi hiyo tukapima tyuni ya juu. Unagusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, unasikia harmoniki, yaani mlio mwembamba kama wa kengele, kisha unaukandamiza hapohapo. Noti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Nyuzi tatu kati ya nne zilihitaji kurudishwa. Ina maana miezi yote ile nikipiga noti za juu nilikuwa nje ya tyuni na kudhani sikio langu ndilo bovu.

Umeme ulikuwa mwepesi. Volyumu iliyokwaruza ilipona kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi, ukizungusha kitufe huku na huku mara ishirini hivi. Tundu la kebo lilikuwa na waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba. Tone la lehemu, basi.

Na ule mvumo niliotaka kuutibu kwa pikapu mpya? Haukuwa ubovu. Kwenye besi za aina hii pikapu mbili husukwa kinyume, kwa hiyo ukifungua volyumu zote mbili hadi mwisho mvumo hufutana. Punguza moja, unarudi. Nilikuwa napenda kupunguza ya darajani.

Tathmini yangu basi. Besi naipa nyota nne. Pikapu nilizonunua siwezi kuzipa kitu kwa sababu zimo kwenye boksi, moja ina mkwaruzo wa bisibisi na muuzaji hataki kuipokea tena, haki yake. Kitu pekee kipya ninachokifikiria kwa sasa ni nyuzi za waya bapa, kwa kuonja tu. Ningekuwa na shingo iliyojisokota au fimbo iliyofika mwisho wa kukazika, ningesema uza vipuri, tafuta nyingine, maana shingo mpya kwa besi ya bei hii ni hesabu isiyofunga.

Ile sehemu moja ni freti ya 14 chini ya uzi wa D. Imeinuka upande mmoja, unaiona ukiweka rula fupi juu ya freti tatu nayo inacheza. Hiyo sigusi mwenyewe, nimeshaongea na fundi.