Gitaa la Umeme Lenye Hitilafu: Lipi la Kununua Mwanza na Lipi la Kuliacha

Mpiga gitaa wa kwaya au wa bendi jijini Mwanza anayetafuta gitaa la umeme kwa fedha kidogo mara nyingi huishia kuoneshwa gitaa lililotumika lenye kasoro: halitoi sauti, limepungukiwa funguo za kukazia nyuzi, au kichwa chake kilivunjika kikaunganishwa. Kasoro hizo hazilingani hata kidogo. Nimezipanga hapa kuanzia gitaa la kununua bila kusita hadi lile ambalo hata ukipewa bure litakugharimu, na kipimo nilichotumia ni kimoja: shingo ikiwa nzima, karibu kila kitu kingine kinatengenezeka hapa hapa mjini.

Kwa hiyo kagua shingo kabla ya kuuliza bei. Inua gitaa hadi usawa wa jicho, utazame kutoka kichwani kuelekea kwenye mwili, ukifuata ukingo mmoja wa shingo na kisha wa pili. Shingo iliyopinda kidogo kufuata mvuto wa nyuzi si tatizo, kwa sababu nyuzi sita za kawaida zikikazwa huivuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, na ndani yake mna fimbo ya chuma iliyowekwa kukabiliana na mvuto huo. Bonyeza uzi mnene kwenye fureti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo kwa upana) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya fureti ya saba. Ikiwa ni kama robo ya milimita, shingo iko sawa. Ikizidi hapo, mwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu nati ya fimbo, robo mzunguko tu. Nati inayozunguka kwa ukinzani ni nzima. Inayozunguka bila kushika, au iliyogandishwa na kutu, inaliweka gitaa kwenye kundi la mwisho, hata kama rangi yake inang'aa.

Nafasi ya kwanza naipa gitaa lenye shingo nzima ambalo halitoi sauti, au linalokwaruza na kukatika katika. Wauzaji hulihesabu kuwa limekufa na kushusha bei, ilhali ugonjwa wake mara nyingi ni wa dakika chache mezani kwa fundi redio. Chanzo cha kawaida ni soketi ya jeki: nati yake hulegea, soketi huzunguka kila unapochomeka waya, na nyaya mbili nyembamba zilizolehemiwa nyuma yake hujisokota hadi mmoja unachomoka. Ukifungua kifuniko utauona uking'inia, ncha yake ikiwa bado na tone la risasi. Fundi anaulehemu upya, anakaza nati, na gitaa linapiga. Vizungushio vya sauti vinavyokwaruza husafishwa kwa dawa ya kusafishia swichi, na vilivyokwisha hubadilishwa: vya kilo-omu 250 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa pikapu, yaani vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, zenye koili moja, vya kilo-omu 500 kwa zile zenye koili mbili.

Huhitaji amplifaya ili kulipima gitaa la namna hii sokoni. Nenda na waya wa gitaa na multimita, kile kipimio cha umeme cha mafundi. Chomeka waya, fungua kizungushio cha sauti hadi mwisho, weka ncha moja ya multimita kwenye ncha ya jeki na nyingine kwenye shina lake. Ukisoma kati ya kilo-omu 5 na 15 hivi, pikapu iko hai na njia yote hadi kwenye jeki ni nzima. Sogeza swichi ili upime kila pikapu peke yake. Ukisoma karibu 250 au 500, unasoma kizungushio chenyewe, na ina maana kwamba pikapu imekatika au waya wake umeachia. Multimita isiposoma chochote, kwanza shuku soketi. Kipimo hiki hakifai kwa gitaa lenye pikapu zinazotumia betri ya volti 9; hilo lifungue nyuma ubadilishe betri kwanza, maana betri huendelea kuliwa kila waya unapoachwa umechomekwa, na nimeona gitaa zima likiuzwa kama bovu kwa sababu hiyo peke yake.

La pili ni gitaa lililopungukiwa vipuri vidogo. Funguo hubadilishika mradi ujue ni tatu kila upande au sita upande mmoja, na upime tundu kabla ya kuagiza. Kidaraja cha juu, kile kinachopokea nyuzi kabla hazijafika kwenye funguo, kinaweza kuchongwa kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa vizuri, nao hushinda plastiki kwa mbali. Daraja la chini likiwa si la awali, pima: umbali kutoka kidaraja cha juu hadi fureti ya 12 unapaswa karibu kulingana na umbali kutoka fureti hiyo hadi pale nyuzi zinapokalia. Tofauti ya milimita mbili au tatu hurekebishwa kwa skrubu za daraja. Ikiwa ni sentimita nzima, mtu alilihamisha daraja, na gitaa hilo halitapatana na kinanda cha kwaya kamwe.

La tatu ni lenye fureti zilizochimbika. Mashimo madogo chini ya nyuzi nyembamba husawazishwa kwa tupa na msasa, lakini mtafute mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo; seremala hodari ambaye hajawahi kuigusa anaweza kukuharibia shingo kwa nia njema. Fureti zilizolika hadi kukaribia mbao hudai kung'olewa zote, na gharama hiyo iondoe kwenye bei.

La nne ni lililovunjika kichwa. Ajali hii huyapata zaidi magitaa ya mtindo wa Gibson, ambayo kichwa chake huinama nyuma, kiasi kwamba gitaa likianguka chali kichwa ndicho kinachopokea pigo. Mpasuko mrefu unaofuata nyuzinyuzi za mbao na ambao haujawahi kuguswa unaweza kuunganishwa kwa gundi ya mbao, ukabanwa kwa vibanio vya seremala kwa saa 24, ukadumu miaka. Mpasuko mfupi wa kukata mbao kwa upana haushiki hivyo. Ulioshindiliwa misumari, au uliokwisha kupakwa gundi ya kukauka papo hapo, uache, kwa sababu gundi hiyo huziba vinyweleo vya mbao na ya pili haipati pa kushika.

La mwisho ni lenye shingo iliyojisokota, yaani ukingo mmoja umeinuka na mwingine umelala. Fimbo ya ndani hurekebisha mpindo wa mbele na nyuma, msokoto haiuwezi. Shingo ikiwa ya kufungwa kwa skrubu, kama zilivyo za mtindo wa Fender, unaweza kulinunua kwa ajili ya mwili na pikapu, ukatafuta shingo nyingine yenye urefu uleule wa nyuzi, ambao kwa Fender nyingi ni milimita 648. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, liache.

Kuhusu bei, chukua gharama ya vipuri na ufundi, ijumlishe na anachodai muuzaji, na jumla ikizidi theluthi mbili ya bei ya gitaa kama hilo likiwa zima, endelea kutafuta. Usiikubali kauli kwamba ni waya tu mpaka umelifungua mbele yake. Muuzaji anayekataza bisibisi isiguse kifuniko amekwisha kukujibu.