DocBook XSL na Apache FOP kwa miongozo ya Kiswahili: mapitio kutoka Mwanza

Anayeandika miongozo ya vizimba vya sato, injini za boti au pampu za maji hapa Mwanza huombwa vitu vilevile: PDF ya kuchapwa kwenye A4, kurasa za tovuti, na faili nyepesi ya kusomea kwenye simu. Wengi huandika katika Word, kisha hunakili na kubandika mara tatu. Urefu wa kamba ya nanga ukibadilika, unarekebishwa kwenye PDF na kusahauliwa kwenye tovuti, na mfugaji aliyeko Sengerema anakata kamba kwa kipimo cha zamani.

DocBook huondoa tatizo hilo. Unaandika maandishi mara moja ndani ya lebo za XML, na stailishiti, yaani faili zinazoeleza kila lebo igeuzwe kuwa nini, zinatoa PDF, HTML ya tovuti na EPUB ya kusomea kwenye simu kutoka chanzo kimoja. Seti tuliyoipitia ni DocBook 5, stailishiti za DocBook XSL 1.79, xsltproc (programu inayozitekeleza stailishiti hizo) na Apache FOP (inayogeuza matokeo kuwa PDF). Zote ni za bure. Tunaipendekeza kwa dhati, ila kwa sharti: tenga siku za kuifundisha Kiswahili kabla hujamwahidi mteja tarehe, kwa sababu inakuja haijui hata neno moja.

Kuifunga kwenye Ubuntu ni rahisi:

sudo apt install xsltproc libxml2-utils docbook-xsl-ns docbook5-xml fop jing

FOP huhitaji Java, na apt huileta yenyewe. Hakikisha ni docbook-xsl-ns. Ukitumia docbook-xsl isiyo na ns kwa hati ya DocBook 5, itakuandikia "namesp. cut", itaendelea na kazi, kisha njia za picha huenda zikapotea. Baada ya hapo amri ni mbili tu:

xsltproc --xinclude --nonet -o mwongozo.fo mtindo-pdf.xsl mwongozo.xml
fop -c fop.xconf -fo mwongozo.fo -pdf mwongozo.pdf

Usiiache --nonet. Bila hiyo, na katalogi ya XML (orodha inayoonyesha stailishiti ziko wapi kwenye kompyuta) ikiwa na kasoro, xsltproc hutoka kwenda kutafuta stailishiti mtandaoni. Bando linaliwa na kazi inasimama pale mtandao unapokatika. Ukisahau --xinclude nako, sura ulizoweka kwenye faili za pembeni hazitokei kabisa, na xsltproc inalalamika tu kwamba lebo ya include haina kiolezo ("no template matches"). 

Faili ya mtindo-pdf.xsl ni yako. Inaingiza fo/docbook.xsl, kisha inabadilisha parameta chache. Ya kwanza ni paper.type. Kama ilivyo, ni USletter, karatasi ya Marekani ya milimita 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Peleka faili hiyo stesheni yoyote ya kuchapisha na mashine itaibana ili iingie, kwa hiyo mchoro wa kizimba uliochorwa kwa skeli hautapimika tena kwa rula. Andika A4. Ya pili ni fop1.extensions, iwe 1, ndipo PDF ipate orodha ya sura pembeni. Usiichanganye na fop.extensions, ambayo ni ya FOP ya zamani sana na huleta makosa.

Sasa Kiswahili, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ukiandika xml:lang="sw", unajibiwa: No localization exists for "sw", na programu inarudi kwenye Kiingereza. Mwongozo mzima ni wa Kiswahili, lakini kichwa kinasema "Chapter 1. Kufunga kizimba" na kisanduku cha hatari kinasema "Warning". Kwa mfanyakazi anayepiga mbizi kukagua nyavu, neno hilo moja ndilo alilopaswa kulielewa kuliko yote.

Nakili folda nzima ya stailishiti ndani ya mradi wako. Usiguse ile ya /usr/share, kwani sasisho litafuta kazi yako. Ndani ya common, nakili en.xml uiite sw.xml, badilisha lugha iwe sw, na ongeza mstari wake katika l10n.xml. Kisha tafsiri: Yaliyomo, Mchoro, Jedwali, Kiambatisho, Onyo, Tahadhari, Zingatia. Wengi huishia kwenye maneno ya juu ya faili na kushangaa kuona vichwa bado ni Kiingereza. Vichwa na marejeo hutoka kwenye violezo vilivyo chini zaidi, vyenye alama kama %n kwa namba na %t kwa jina. Huko usiandike "Sura %n". Andika "Sura ya %n", ili rejeo lisomeke "tazama Sura ya 3" kama mtu anavyosema. Acha pia ile nafasi isiyokatika kabla ya %n, la sivyo namba itaangukia mstari wa pili peke yake.

Shida inayofuata ni urefu wa maneno yetu. FOP haipangi upana wa safu za jedwali kwa kuangalia kilichomo. Usipoweka colwidth, safu zote zinalingana. Neno kama "zinazobadilishwa" likiingia kwenye safu nyembamba linamwagikia safu ya jirani, na FOP inalalamika kuwa maandishi yamezidi nafasi kwa, tuseme, 14173 millipoints. Gawa kwa 2835 upate milimita: hapo ni 5. Kwanza panga colwidth, kwa mfano 1* na 3*. Pasipotosha, weka kistari laini, &#xAD;, kwenye mipaka ya silabi: zi-na-zo-ba-di-li-shwa. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo hata asiye mwanaisimu hakosei. Weka hyphenate iwe false, vinginevyo FOP itakupa onyo kwamba kanuni za kukata maneno ya sw hazikupatikana.

Angalia pia alama za kipimo. Mwongozo wa vizimba lazima utaje O₂ iliyoyeyuka majini. Ukibandika ile ₂ ndogo moja kwa moja, fonti za kawaida za PDF hazina, na FOP inachapa #. Msomaji anaona "O#". Andika O<subscript>2</subscript>, ambayo inakubalika katika HTML na EPUB pia.

Makosa ya lebo yakaguliwe kwa jing. xmllint nayo hukagua, lakini majibu yake kwa DocBook 5 hayasaidii: inalaumu kipengele kizima wakati kosa ni lebo moja ndani yake.

Kwa mwenye vizimba vya ukubwa tofauti, weka condition="mita6" kwenye aya husika, tumia profile-docbook.xsl, na toleo la kila ukubwa linatoka kwenye chanzo kilekile. Hakikisha tu hakuna rejeo linaloelekea kwenye sehemu iliyochujwa.

HTML haina taabu. Washa use.id.as.filename: bila hiyo kurasa huitwa ch03.html, na ukiongeza sura katikati, kiungo ulichotuma kwenye kundi la WhatsApp kinafungua sura nyingine. EPUB nayo ina mtego mmoja. Faili ya mimetype iingie kwanza na bila kubanwa (zip -X0), ndipo nyingine zifuate. Kisha pitisha epubcheck, kikaguzi cha EPUB.

Asiyependa kuandika lebo aandike kwa AsciiDoc, maandishi ya kawaida yenye alama chache, kwani programu yake, Asciidoctor, hutoa DocBook 5 moja kwa moja. DITA-OT, mfumo mwingine wa miongozo ya XML, tungeichagua pale tu vipande vinapokuwa mamia na vinatumika katika miongozo mingi. PDF yake nayo hupita kwenye FOP, kwa hiyo shida za majedwali zinakufuata.

Kabla ya kupeleka PDF ichapwe, endesha pdffonts, amri inayoorodhesha fonti zilizomo kwenye PDF. FOP haipachiki zile fonti 14 za msingi ndani ya faili, na mashine ya stesheni inaweza kuweka ya kwake. Sajili fonti ya DejaVu katika fop.xconf, faili ya mipangilio ya FOP, itaje kwenye body.font.family na title.font.family, kisha hakikisha safu ya emb (imepachikwa) inasema yes kwenye kila mstari.